Rukara Angoja Kuombwa

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Ukungu ulikuwa umekalia vilima vya Karuba tangu alfajiri, mzito kiasi kwamba ng'ombe walisikika kabla ya kuonekana, na manyunyu yalianguka bila haraka, kama mgeni anayejua kwamba atalala.

Kamaliza alifika depo ya koperative saa mbili na nusu asubuhi, bidoni ya maziwa mgongoni, mkanda wake umembana kwenye paji la uso. Alikuwa ametembea mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Karuba ya Juu. Alipanga foleni nyuma ya wanawake wa Karuba ya Chini, ambao walikuwa wametoka majumbani mwao dakika kumi tu zilizopita na bado walikuwa na nguvu za kusimulia ndoto zao. Zamu yake ilipofika, Trésor, mpimaji wa depo, alichota maziwa kidogo, akayachanganya na alkoli ndani ya kichupa, akatikisa. Maziwa yakaganda vipande vipande mbele ya macho ya wote.

"Mama Mucyo," Trésor alisema, "umechanganya ya jana mangaribi na ya leo asubui."

"Sasa nifanye nini? Nimwambie ng'ombe asitoe maziwa mangaribi?"

"Mimi sina neno na ng'ombe. Mimi niko napima tu."

"Batu ya kule juu banatuleteaka fromage tayari," mwanamke mmoja alisema nyuma. "Koperative ibapatie medali."

Foleni nzima ikacheka kwa kusikia maziwa yaliyoganda yakiitwa jibini. Kamaliza naye alicheka kidogo, maana mtu akichekwa peke yake huumia zaidi. Trésor alifungua daftari. Hiyo ilikuwa mara ya tatu maziwa ya Kamaliza kukataliwa. Kwa sheria ya koperative, mara ya tano katika msimu mmoja jina lako linafutwa, na aliyefutwa huuza maziwa yake kwa wachuuzi wa barabarani, ambao hununua kwa bei ya huruma yao, na huruma yao ni ndogo.

Dawa ya jambo hilo ilijulikana. Koperative ilikuwa imeahidiwa tanki la kupozea maziwa, linalotumia nguvu ya jua, na rais mpya wa koperative ndiye angeamua liwekwe wapi. Uchaguzi ulikuwa Ijumaa ya tarehe 15. Kirolirwe, kijiji kingine cha koperative hiyo, ilikuwa imemsimamisha Esdras, na Esdras alisema wazi kwamba tanki litakaa Kirolirwe. Karuba ilitakiwa kumtoa mtu mmoja wa kupambana naye, lakini watu watatu walijitokeza, kwa hiyo ukafanyika mchujo. Valens wa Karuba ya Chini alipata kura arobaini. Nizeyimana, fundi wa viatu mwenye ng'ombe wawili, alipata kumi na mbili. Katikati yao, kwa kura thelathini na moja, alikuwa Rukara wa Karuba ya Juu, bwana wa Kamaliza.

Mchujo ulikuwa umefanyika Ijumaa. Tangu Ijumaa Rukara hakuwa ametoka kitandani.

*

Alimkuta amejifunika blanketi hadi puani, kofia yake ya kuchunga ikiwa kichwani.

"Valens amekuja?" Rukara aliuliza.

"Sikumuona. Maziwa yamerudi."

"Hakutuma hata muntu?"

"Papa Mucyo, nimesema maziwa yamerudi."

"Nimesikia. Atatuma." Rukara aliketi. "Hesabu ile ya Kirolirwe. Beko arobaini na munane, na hawagawanyikake. Valens iko na arobaini. Munane anazitoa wapi kama si kwangu?"

"Basi kesho shuka umwambie: nakuunga mukono, na wewe weka tanki karibu na sisi. Inaisha."

Rukara alimtazama mkewe kwa upole wa mwalimu. Usiku wa Jumamosi alikuwa amesikiliza radio, na bwana mmoja wa Kinshasa alikuwa ameeleza kwamba mshindwa anayemuunga mkono mshindi siku ya kwanza huambiwa asante, lakini anayemuunga mkono siku ya mwisho hupewa cheo. Bwana huyo alikuwa anazungumza juu ya mambo ya nchi kubwa za mbali. Rukara hakuona tofauti.

"Nitanyamaza," alisema. "Wacha baniombe. Siku ya mwisho Valens mwenyewe atapanda hapa, atanipa kuwa vis-prezida, na vis-prezida anaweka tanki kwa mulango wake kama anataka. Sebarenzi alinipa ng'ombe, utaona."

Hivyo ndivyo wafugaji wa vilima hivi wanavyoapa: kwa jina la aliyewapa ng'ombe. Sebarenzi, baba mdogo wa Rukara, alikuwa amekufa miaka kumi na mitano iliyopita, na ng'ombe aliyempa alikuwa ameliwa zamani kwenye arusi ya mtu mwingine, lakini kiapo hakizeeki. Aliyekupa ng'ombe amekufunga kamba isiyoonekana. Ukitaja jina lake, husemi uongo, na neno ulilosema mbele ya jina hilo hulirudishi mdomoni.

Jioni, kabla ya kukamua, Kamaliza alipiga magoti zizini kama kila siku. Alimwomba Mungu amfungulie mumewe kinywa. Baada ya kufikiri akaongeza: ao uifunge kabisa, Bwana, mapenzi yako yatimizwe.

*

Jumanne alikuja Henri. Henri alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo cha lori lake, na duka lake liliangalia barabara ya Karuba ya Chini. Alikuwa rafiki wa Valens, maana tanki likiwekwa karibu na duka, watu mia wangepita mlangoni kwake kila asubuhi. Alileta kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Rukara alimwonyesha kigoda kifupi kuliko vyote, kile cha kukamulia, kisha yeye mwenyewe akaketi kwenye kiti cha mbao. Magoti ya Henri yakafika karibu na masikio yake.

"Papa Mucyo, pole na mambo ya Ijumaa," Henri alisema kutoka kule chini. "Valens anakuheshimu sana. Anasema, mukubwa wetu wa kule juu akisema neno moja tu kwa batu yake, kazi imeisha."

Rukara alifungua mdomo. Kwa siku tatu alikuwa amejiandalia heshima ya kunyamaza, ila hakuwa amejiandalia mtu wa kumuuliza jambo uso kwa uso. Akakohoa.

"Koo," alinong'ona, akishika shingo.

"Inakuuma?"

Rukara aliinamisha kichwa kukubali, kwa huzuni kubwa.

"Pole. Tangu siku gani?"

Rukara akanyoosha vidole vitatu, akaona ni vichache, akaongeza cha nne.

Kamaliza alikuwa mlangoni na kikombe cha maziwa kwa ajili ya mgeni. Nusura amwage. Henri alikunywa, akashukuru, akainuka kutoka kwenye kigoda kwa awamu mbili, akaenda. Pikipiki yake ilipozama nyuma ya kilima, Rukara alipata sauti yake yote.

"Umeona sukari?"

"Nimeona koo. Apa kwa Sebarenzi kama inakuuma."

Rukara akakohoa tena.

Jumatano walikuja watu wawili wa Kirolirwe na fromage nzima, ya duara, nzito kama jiwe la kusagia. Waliikuta sukari imewekwa kwenye meza, mahali pa kuonekana. Hawakuomba kitu. Walisema tu kwamba Esdras anamsalimu, kwamba wamesikia ni mgonjwa, na kwamba mgonjwa apumzike, asisumbuke na maneno mengi kabla ya tarehe 15. Rukara alikohoa kwa adabu. Walipoondoka aliipigapiga fromage kama mtu anayempigapiga ndama mgongoni.

"Ningesema jana, leo tungekula nini?"

"Ile tunakulaka siku zote," Kamaliza alijibu. "Papa Mucyo, hawa hawakuja kununua neno yako. Balikuja kununua kimya yako. Na umeisha kubauzia."

Rukara alikata kipande cha fromage, akakitafuna kwa muda mrefu.

*

Jumapili, baada ya mahubiri, ulifika wakati wa matangazo. Kanisa zima lilijua kwamba matangazo ya siku hiyo hayatahusu michango ya bati peke yake. Rukara alikuwa amevaa koti lake la arusi. Njiani alimwambia Kamaliza kwamba akiona inafaa, atasema. Kamaliza aliomba kimoyomoyo wakati wote wa mahubiri, na hata leo hajui mchungaji alihubiri nini.

Aliyesimama kwanza ni Nizeyimana, fundi wa viatu.

"Mimi nilishindwa," alisema. "Valens alishinda. Kura yangu na ya wale kumi na moja benye walinipenda, tunamupa yeye. Ni hiyo tu."

Akaketi. Haikuchukua muda wa kufunga kamba za kiatu. Watu walipiga makofi, Valens akainuka kutoka benchi la mbele akaja kumkumbatia, na kwa kuwa alikuwa amechangamka akatangaza hapo hapo kwamba akishinda, Nizeyimana ndiye atakayeshika ufunguo wa tanki.

Kamaliza alipiga hesabu. Arobaini na kumi na mbili ni hamsini na mbili. Kirolirwe ni arobaini na wanane. Alimgeukia mumewe na kuona kwamba naye anapiga hesabu ile ile, ila polepole.

"Kuna mwingine mwenye tangazo?" mchungaji aliuliza, akimtazama Rukara moja kwa moja. Watu wote wakageuka. Hata wanakwaya walishusha vitabu.

Rukara alisimama. Kamaliza alisema moyoni, sasa, Bwana, sasa. Lakini Rukara hakuweza kuwa wa pili nyuma ya fundi wa viatu mwenye kura kumi na mbili. Alikohoa, akashika shingo, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Kama muntu aliokota mwavuli mweusi, mushikio wa mbao, ni wangu."

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wanakwaya, kikafika hadi kwa mchungaji, ambaye alijificha nyuma ya Biblia. Mwavuli wenyewe ulikuwa mkononi mwa Kamaliza.

*

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Rukara aliketi uani akiwa amevaa viatu, kile kigoda kifupi kimepanguswa vumbi na kuwekwa tayari. Alasiri Henri alipita na pikipiki yake akielekea kwa wateja. Rukara akainuka nusu. Henri alipiga honi mara moja, akapunga mkono, akapita.

"Hakusimama," Rukara alisema.

"Iko na haraka," Kamaliza alisema. Alikuwa amekasirika, lakini uso wa mumewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba alishindwa kumwongezea.

"Labda kesho."

Kesho yake walikuja kweli, tena wengi. Jirani yao Mutesi aliwatangulia mbio kumwonya Kamaliza: Valens alikuwa amesema hadharani kwamba Papa Mucyo asisumbuliwe tena na mambo ya kura, kwa sababu ni mgonjwa, wamwombee tu. Kikundi cha maombi kikaandika jina lake kwenye karatasi ya wagonjwa, kati ya bibi kizee mwenye miguu iliyovimba na mtoto mwenye surua.

"Kama haumwi, mwambie atoke kwa kitanda," Mutesi alisema akihema. "Kama anaumwa, mwambie arudi."

"Iko nje, amevaa viatu."

"Basi avue viatu."

Watu ishirini na wawili waliingia katika nyumba ya vyumba viwili. Walimzunguka Rukara, wakaweka mikono juu ya koo lake kwa zamu, na mikono iliyokosa nafasi ikawekwa juu ya kofia yake. Waliimba, wakaomba kwa saa nzima. Kamaliza naye aliomba, na kwa kweli, maana alijua ndugu hawa wamepanda mlima kwa mapendo na Mungu hasikilizi uongo wa mtu mmoja akasahau imani ya ishirini na wawili. Baada ya maombi wakapewa chai. Sukari ya Henri iliisha yote. Fromage ya Esdras ikaliwa hadi ganda.

"Papa Mucyo," kiongozi wa kikundi aliuliza, "unasikia namna gani sasa? Sema kitu, tumupe Mungu sifa."

Kamaliza alimwona mumewe amenaswa pande zote mbili. Akisema amepona, ni muujiza, na mtu wa muujiza hutoa ushuhuda, na ndani ya ushuhuda ule angemtaja Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulifanya. Rukara alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mtu wa kumdhihaki Mungu. Akisema hajapona, wataendelea. Machozi yalimtoka mzee wa watu. Alitikisa kichwa kuwa bado.

"Tutarudi Jumamosi," kiongozi alisema kwa moyo. Jumamosi ilikuwa tarehe 16.

Walipokwenda, Rukara alivua kofia yake, akaitazama.

"Nilijifunga mwenyewe," alisema.

"Njo vile," Kamaliza alisema, akikusanya vikombe.

*

Alhamisi maziwa yakaganda kwa mara ya nne. Trésor alitikisa kichupa mara mbili zaidi ya kawaida, kama mtu anayetafuta sababu ya kukosea, na hakuipata.

"Mama Mucyo, imebaki moja," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Nje ya depo Valens na Henri walikuwa wanapima ardhi kwa hatua, kando ya duka. Henri alikuwa amekwisha kuchomeka vijiti vinne mahali tanki litakapokaa. Kamaliza alipita karibu nao.

"Mama Mucyo, koo ya mzee inaendelea aje?" Valens aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kura hamsini na mbili.

"Inaendelea," Kamaliza alisema.

Alipanda mlima na bidoni iliyojaa, na njia nzima aliongea na Mungu kama wanavyoongea watu waliozoeana. Alipofika penye daraja la mbao, pale njia ya juu inapokutana na njia ya chini, nusu ya safari kwa kila upande, alisimama kupumzika. Akatazama maji ya kijito. Akatazama uwanja mtupu wa kando yake. Akakaa pale kwa muda mrefu kuliko uchovu wake ulivyohitaji.

Nyumbani alimkuta Rukara zizini.

"Ule mutamba mwekundu ni wa nani?" alimuuliza.

Rukara alishangaa. Mtamba yule alizaliwa na ng'ombe ambaye baba ya Kamaliza alimpa binti yake baada ya arusi. Alikuwa wa mwisho wa uzao ule. Kamaliza alikuwa amemlea kwa mkono tangu ng'ombe yule alipokufa, na mtamba akisikia kanga ya Kamaliza ikipita alikuwa anaita.

"Ni wako. Nani hajui?"

"Kesho vaa koti. Tunashuka."

"Kufanya nini? Batanicheka."

"Batacheka. Lakini utakuwa umevaa koti."

*

Ijumaa asubuhi watu wa Kirolirwe walifika wote arobaini na wanane ndani ya lori moja, wakiimba. Esdras alishuka wa kwanza, mrefu, mwenye fimbo iliyopakwa mafuta, akasalimia kila mtu. Watu wa Valens nao walifika, lakini si wote. Ilikuwa siku ya soko, na tangu Jumapili Karuba ya Chini nzima ilikuwa imejiambia kwamba mambo yamekwisha. Wengine wakaona heri wapeleke mbuzi zao sokoni, kura ya mtu mmoja itapunguza nini. Henri alihesabu vichwa mara tatu. Kila mara alipata arobaini na watano.

Juu kidogo, kwenye majani yenye umande, walikuwa wameketi watu thelathini wa Karuba ya Juu. Walikuja kwa sababu ni wanachama. Hawakuingia kwenye foleni ya kura kwa sababu mtu wao hajasema neno, na wengine wao walikuwa na maziwa yaliyokataliwa kama ya Kamaliza, na walikuwa wameviona vile vijiti vinne.

Valens alikuwa anajipangusa jasho katika baridi ile wakati mtamba mwekundu alipotokea njiani. Mbele alitembea Kamaliza akishika kamba, amevaa kitenge cha Jumapili. Nyuma alikuja Rukara na koti lake la arusi, na mwavuli.

"Mwavuli umeonekana," mtu mmoja wa Kirolirwe alipaza sauti, na lori zima likacheka. Rukara alitazama mbele.

Kamaliza hakwenda kwenye majani walikoketi watu wake. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya meza ya sanduku la kura, mbele ya Valens, akasimama.

"Valens," alisema. "Wewe ulituomba neno, ukatuletea sukari. Sukari imeliwa na bene maombi, Mungu awabariki. Sisi ya juu hatuna sukari. Tunakupa ng'ombe."

Akamnyooshea kamba.

Hakuna aliyecheka tena. Wafugaji wote mia na zaidi walielewa kabla Valens hajaelewa. Mwenye kuomba ndiye huleta zawadi. Hiyo ni kawaida. Lakini anayempa mtu ng'ombe humfanya kuwa mtu wake, na mtu wake atataja jina lake katika kila kiapo hadi kaburini. Ng'ombe hakataliwi. Kumkataa mbele ya watu ni kuwatukana wote wenye kilima alikotoka, na wenye kilima walikuwa wameketi pale, thelathini, wakingoja. Esdras alielewa pia. Aliangalia lori lake kama mtu anayejiuliza kama halikuweza kubeba hata thelathini zaidi.

Valens alishika kamba. Angefanya nini? Mtamba alijaribu kurudi kwa Kamaliza, akamlamba mkono, na Kamaliza akageuza uso upande kwa muda mfupi.

"Aksanti," Valens alisema. "Mumenipa ng'ombe. Sasa niwafanyie nini?"

Mpokeaji lazima aulize hivyo. Kamaliza alikuwa ametembea na jibu lake tangu jana.

"Mutamba huyu atazaa. Atatoa maziwa. Nataka maziwa yake isikataliwe kwa depo mbele ya batu. Kule penye daraja ya mbao kuna uwanja, na maji iko. Wa chini watapanda mwendo ya saa moja na kidogo, wa juu tutashuka mwendo ya saa moja na kidogo. Hakuna atakayecheka mwenzake."

"Lakini tumeisha pima penye duka," Henri alianza.

"Henri," Nizeyimana fundi wa viatu alisema kutoka kwenye foleni, "vijiti ni vinne tu. Vinang'oka. Na mimi mwenye ufunguo, ninaweza tembea."

Valens alitazama foleni fupi ya watu wake. Alitazama majani yale yaliyojaa watu. Akavua kofia, maana kiapo cha ng'ombe husemwa kichwa wazi.

"Sikieni wote," alisema. Akavuta pumzi, akainua kamba. Hapo akasita. Kiapo huanza na jina, na hakujua aanze na jina gani. Kwa desturi jina ni la mwenye nyumba. Alimtazama Rukara. Watu wote walimtazama Rukara, kama walivyomtazama kanisani, na kwa siku kumi na moja hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake halisi isipokuwa mke wake na ng'ombe wake.

Kamaliza hakumtazama. Aliitazama kamba. Rukara angeweza kulichukua jina lile, na lingekuwa lake kwa haki. Alikuwa ameshuka mlima akiwa mtu wa mwavuli, na angeupanda akiwa mtu anayeapiwa na rais wa koperative. Alikuwa amengoja wakati wake, na huu hapa ulikuwa umekuja, mkubwa kuliko alivyoahidiwa na radio.

Rukara akaweka mwavuli chini. Hakukohoa.

"Mutamba ni wa bibi yangu," alisema, kwa sauti safi iliyofika hadi kwenye majani. "Na koo haikuniuma hata siku moja. Taja yeye."

Kiongozi wa kikundi cha maombi, aliyekuwa kwenye foleni, alishika mdomo. Mutesi alianza kucheka peke yake, kisha akaona heri alie. Kule juu watu thelathini waliinuka kwenye umande, wakipangusa nguo zao, wakaanza kushuka.

Valens aliinua kamba mara ya pili, mtamba akainua kichwa pamoja nayo.

"Kamaliza alinipa ng'ombe," alisema mbele ya Karuba na Kirolirwe, mbele ya sanduku lililokuwa bado tupu. "Nikishinda leo, tanki itakaa penye daraja ya mbao, na siku ya kwanza bidoni ya kwanza kumwagwa ndani itakuwa yake."